Kadi Isiyokatwa Pembe

Washington, Jumapili, 11 Januari 1891

Mke wangu Almeda,

Barua hii haikupita posta. Nimempa mchuuzi Lantz, anayerudi huko na mzigo wake wa sindano na vikombe vya bati. Ameapa ataifikisha kwa Bibi Rexrode mkunga, naye akusomee mkiwa wawili tu. Asikusomee Enos. Mdogo wangu nampenda, lakini kalamu yake iko mkononi mwa Baba.

Nilimwacha Dosia anakohoa. Nilipotoka alikuwa amekaa karibu na moto, amekumbatia zile kadi tupu nilizomletea Krismasi kutoka kazini, na njia nzima nimekuwa nikikisikia kikohozi kile. Nawe unaijua sheria ya nyumba yetu. Ugonjwa hauandikwi. Baba husema ugonjwa ukiandikwa umevutiwa kiti. Mama alipougua nilikuwa kambi ya magogo kule Elk, na kila barua iliyokuja ilisema sote wazima, sote wazima, mpaka siku niliyorudi nikauliza yuko wapi, Baba akanyoosha kidole kilimani. Sitaki kunyooshewa kidole tena.

Basi nimewaza hivi nikiwa kwenye treni. Kila Enos akiniandikia, wewe tia kadi moja ndani ya barua. Sema Dosia anamtumia baba yake. Toboa tundu moja tu, kwa msumari. Tundu likiwa juu, mtoto mzima. Likiwa katikati, anaumwa, nijiweke tayari. Likiwa chini, niache kila kitu nije. Juu na chini unavijua. Nilikuonyesha kadi inavyoshikwa kwa ile moja iliyokuwa mfukoni mwa koti langu, ukacheka ukasema ninaishika kama mhubiri aliyesahau aya.

Najua Bibi Rexrode yuko ng'ambo ya mlima na theluji ikifunga pengo hatamwona mtu hadi Aprili. Ndiyo maana nataka kadi. Hazihitaji msomaji.

Ukiisha kusomewa, ichome.

Mumeo,
Harmon Kellison

*

Nyumbani, 1 Februari 1891

Kaka Harmon,

Salamu kutoka kwa watu wenye akili, yaani sisi tuliobaki milimani. Theluji imefika dirishani. Baba hajambo, anakohoa kwa hasira tu. Nyumbu amenipiga teke pajani, nami nimemsamehe kwa kuwa hana baba wa kumfundisha adabu kama sisi.

Almeda anakusalimu. Nimemuuliza niandike nini, akasema andika tu. Basi nimeandika. Mtoto yuko vizuri, alikuwa na surua kidogo kama watoto wote wa bondeni, imepita, anakula mkate wa mahindi na molasi mpaka masikioni. Baba anasema fanya kazi na umwogope Mungu, na usinywe na Wairishi.

Ndani utaona kadi. Dosia ameitoboa, eti ni barua yake. Ina maneno machache kuliko yangu na huenda ina akili zaidi. Almeda aliitia mwenyewe kwenye bahasha, hakutaka niiguse.

Mdogo wako,
Enos

*

Washington, 8 Februari 1891

Baba, Enos, na Mama Dosia,

Nimepata barua, nimefurahi. Mwambieni Dosia kwamba barua yake nimeisoma kabla ya zote, na hakuna niliyowahi kupata iliyo nzuri kuliko hiyo. Tundu lake nimelichungulia, nikamwona amekaa upande wa pili na molasi masikioni.

Baba uliuliza Krismasi ni kazi gani hii ya mtu mzima kubeba karatasi. Nitaeleza ingawa mabega yanauma na taa ya hapa nyumba ya wapangaji ni mbovu. Nchi nzima ilihesabiwa mwezi wa Juni, mnamkumbuka yule mhesabu aliyeogopa mbwa wetu. Karatasi zake zimekuja hapa. Wasichana ghorofani wanazisoma, na kwa kila mtu wanatoboa kadi moja. Tundu la umri, tundu la alikozaliwa, tundu la kazi yake. Jina halimo. Mimi nazishusha kwa trei hadi ukumbi wa mashine. Huko fundi anaiweka kadi, anavuta mkono wa chuma, sindano zinashuka. Palipo na tundu sindano inapita, inachovya kwenye kikombe kidogo cha zebaki, umeme unapita, na saa ya kuhesabia iliyo mbele yake inasogea hatua moja. Kengele inalia. Isipolia, kadi ile ina kasoro, inawekwa kando. Basi kutwa ni kengele juu ya kengele. Nikilala nazisikia. Nikila nazisikia. Jumapili kanisani ilipolia ya kanisa nilinyoosha mikono nipokee trei.

Kila kadi imekatwa pembe moja, ili ikigeuka kichwa chini katika rundo ionekane mara moja. Rafiki yangu Con Tighe, tunayelala naye chumba kimoja (ndiyo Baba, ni Mwairishi, lakini analala mapema), ananiambia, "Kellison, wewe siku ukifa tutakukatia jeneza pembe moja, usije ukaingia kaburini kichwa chini." Watu wakacheka hadi msimamizi akaja.

Mama Dosia, ule mpango wa kupata chumba chetu wenyewe bado upo. Vumilia. Mtoto akivaa soksi mbili si aibu.

Harmon

*

Nyumbani, 1 Machi 1891

Kaka,

Miti imeanza kutoa maji matamu. Tumetundika ndoo kila shina, Baba anashinda kibandani akichemsha sukari na kumtukana kila mtu anayegusa kuni zake. Usiku baridi, mchana jua, ndivyo miti inavyopenda. Mwaka huu Almeda haji kibandani, anakaa ndani. Mimi ndiye ninayekoroga, na nimeungua mkono, na hakuna aliyenionea huruma isipokuwa mbwa, naye alitaka sukari.

Hapa chini nimefuta mstari mmoja. Baba amesema wino hauchuruziki mitini kama sukari.

Sote wazima. Baba amesimama nyuma yangu anasema niandike tena, sote wazima.

Kadi ya Dosia imo. Almeda anauliza kama ile ya kwanza uliisoma. Nikamwambia kadi haisomwi, ni mchezo wa mtoto. Akanitazama kama nyumbu anavyotazama kabla ya teke.

Enos

*

Washington, 8 Machi 1891

Enos, mdogo wangu,

Hii nakuandikia wewe, na kama una moyo soma kabla Baba hajafika mlangoni. Ulifuta nini? Nimeishika karatasi dirishani, nimeona D na o. Baada ya hapo umepiga mistari kama mtu anayeua nyoka. Mtoto ana nini? Ni kifua? Anakula? Mimi si mgeni, nilimlaza begani tangu alipokuwa mwekundu kama panya.

Nimefunga begi. Liko chini ya kitanda, Con kila asubuhi analigonga kwa kiatu na kusema, "Bado uko, mheshimiwa?" Nimezungumza na msimamizi wetu, Bwana Pruett. Si mtu mbaya. Akasema, "Ukiitwa, nenda. Lakini nafasi yako siwezi kuishikilia, unawaona wanaosubiri pale ngazini." Nikamwambia nikiitwa nitakwenda hata nafasi ikaliwe na mbwa.

Mwambieni Mama Dosia kwamba barua ya mtoto nimeiona, nimeielewa, niko tayari. Mwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo. Aniletee nyingine upesi.

Kaka yako,
Harmon

*

Nyumbani, 17 Machi 1891

Kaka,

Sote wazima. Usiache kazi. Baba anasema mwanamume akiacha kazi kwa ajili ya ndoto hatapata tena kazi wala ndoto.

Sukari imekwisha, miti imechipua mapema.

Almeda ametia kadi. Alinifuata nayo bila viatu hadi kwa tarishi, nikiwa nimekwisha kupanda nyumbu.

Enos

*

Washington, 22 Machi 1891

Mama Dosia wangu, na wote wa nyumbani,

Leo Jumapili nimesoma barua na nimeketi ngazini nikalia kama mtoto, kisha nikacheka, na mwenye nyumba akafungua mlango kuangalia nani amelewa.

Mungu ni mwema. Juu kabisa! Sikungoja kumaliza maneno ya Enos, kadi ilidondoka kwanza ilipofunguliwa bahasha, nikaiokota, nikaona tundu liko pale juu karibu na ukingo, kubwa, kama limetobolewa kwa furaha. Wiki mbili hizi nilikuwa sili. Con aliniambia, "Sasa hivi ama unaimba ama nakupiga," basi tukaimba, yeye nyimbo zake na mimi zangu, kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzie.

Begi nimelifungua. Shati nimelitundika tena msumarini. Jumatatu nitambeba Bwana Pruett mwenyewe kwenye trei akitaka.

Dosia, mwanangu, baba yako amekununulia kengele. Ndogo, ya shaba, inaingia kwenye kiganja chako. Fundi mmoja wa mashine ameniwekea kishikio cha mbao. Inakuja kwa posta, imefungwa katika karatasi ya bluu. Ukiiliza kule nyumbani, mimi huku nitajua kadi yako imepita salama.

Pasaka njema. Mpeni mtoto sukari, msimnyime, ametoka mbali.

Harmon

*

Washington, 5 Aprili 1891

Enos,

Mbona kimya? Kengele imefika? Kama nyumbu ameivunja sema tu, nitanunua nyingine. Pasaka mlikula nini? Nataka kujua kama Dosia anailiza hadi Baba anatoroka nyumbani. Almeda hakutuma kadi wiki hizi mbili, nikajiambia, mtoto amepona, ana haja gani ya kunitobolea matundu.

Andika.

Harmon

*

Nyumbani kwa Kellison, 8 Aprili 1891

Mimi Hulda Rexrode naandika kama anavyosema. Ameniambia nisilainishe.

Harmon,

Mtoto wako amekufa. Ni Ijumaa Kuu, jua lilikuwa bado mlimani. Tumemzika Jumamosi kando ya mama yako. Baba yako alisema habari kama hii haiendi kwa karatasi, Enos aje akuambie kwa mdomo, lakini mto umejaa na Enos hajavuka. Bibi Rexrode amekuja leo kwa uzazi wa jirani, nimemwomba kalamu.

Surua ilishuka kifuani tangu Februari. Ile kadi ya pili nilitoboa katikati. Enos akanisomea umeielewa, umefunga begi. Nilifurahi, Harmon. Nilikuwa na mtoto anayewaka moto mapajani nikafurahi, kwa sababu nilijua unakuja.

Alipoacha kula nikatoboa chini. Nilitumia msumari wa kiatu chako cha zamani. Nilitoboa chini kabisa hata ukingo ukataka kuchanika, ili usije ukasema hukuona vizuri. Nilimfuata Enos na theluji miguuni. Nikarudi nikamwambia Dosia, baba yako yuko njiani. Kila siku nilimbeba hadi dirishani akaangalie pengo la mlima. Akiona mtu na mzigo ananiuliza, "Ni yeye?" Nasema huyo siye, yeye anakuja nyuma yake. Alhamisi hakuuliza tena, alikuwa anaangalia tu.

Tumetoka kumzika, watu wana udongo mikononi, tarishi anamkabidhi Enos barua yako. Wote wakasema soma, huenda yuko karibu. Akasoma mbele ya wote. Juu kabisa. Umelia, umecheka, umeimba na mtu wako. Umefungua begi. Alipofika kwenye kengele alishindwa akatoka nje, nami nikabaki nimesimama kati ya watu, hakuna aliyenitazama.

Kengele imefika Jumanne. Sijaifungua karatasi yake.

Sikuulizi mengi. Niambie tu ni kitu gani huko kilichokuwa kizito kuliko tundu lile.

Na yule mhesabu wa Juni aliniuliza nimezaa wangapi, walio hai wangapi. Nikasema mmoja, naye yuko hai, huyu hapa anavuta mkia wa mbwa ili asikuume. Mwambie mkubwa wako abadilishe.

Usije. Ulipoitwa hukuja. Sasa hujaitwa.

Almeda. Bado ni Mama Dosia.

(Harmon, ni mimi Hulda. Analia, lakini hilo hakuniambia niandike. Nitakaa bondeni mwezi huu hadi yule jirani apate nguvu. Ukiandika, niandikie mimi, nitamsomea.)

*

Washington, 13 Aprili 1891

Bibi Rexrode, msomee polepole tafadhali, na akisema nyamaza, nyamaza.

Almeda,

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Con ndiye aliyenisomea yako hadi mwisho, mimi nilikwama palipoandikwa Ijumaa Kuu.

Hakuna kilichokuwa kizito kuliko tundu lile. Lingekuwa chini machoni pangu ningetoka bila kofia.

Nimeitoa kadi yako. Niliihifadhi ndani ya Biblia, Zaburi ya kushukuru. Nikaishika kama nilivyoishika siku ile: tundu liko juu. Nikaigeuza: tundu liko chini. Nikaigeuza tena. Con akanishika mkono akasema acha.

Hapa kila kadi imekatwa pembe. Niliwaandikieni, tukacheka kwa habari ya jeneza. Nimebeba kadi tangu vuli, maelfu kwa maelfu, na macho yangu yamezoea kwamba kadi haiwezi kukosea kichwa chake, pembe itasema. Siku hizi hata siiangalii pembe ile, kama mtu asivyoangalia kama ana pua. Zile nilizompa Dosia zilikuwa makombo, zilitupwa kabla ya kufika kwenye kisu cha kukatia pembe. Nilichukua makombo kwa sababu kadi nzima hairuhusiwi kutoka, ile moja ya kotini ilisahaulika mfukoni tu. Zina pembe nne. Krismasi nilikuonyesha kwa kadi yenye kichwa, nikakuachia rundo lisilo na kichwa, kisha nikakuandikia, juu na chini unavijua. Ungevijuaje? Kadi yako ilidondoka sakafuni, nikaiokota kama ilivyoangukia. Ile ya kwanza ilisomeka sawa kwa bahati. Ya pili ilikuwa katikati, nayo ukiigeuza haibadiliki. Ya tatu ndiyo hii.

Wewe hukukosea. Ulitoboa chini kabisa. Naona ukingo ulivyotaka kuchanika. Niliuona hata siku ile nikasema limetobolewa kwa furaha.

Umeniagiza nimwambie mkubwa. Nilikwenda. Nilimwambia Bwana Pruett, kuna mtoto kwenye hesabu yenu abadilishwe. Alivua miwani akaifuta. Kisha akasema, "Kellison, hesabu ni ya Juni. Aliyekuwa hai Juni anahesabiwa hai. Na tundu likishatobolewa, ndugu yangu, halizibiki." Hakusema kwa ubaya. Nilirudi kwenye trei zangu. Mahali fulani katika masanduku haya ipo kadi ya Dosia, haina jina, umri miaka minne, amezaliwa milimani. Labda nimekwisha kuibeba. Labda kengele yake ililia nikiwa nimesimama pale pale, nikaona ni kelele.

Umesema nisije. Nimekuacha ukaita na mtu hakuitika, siwezi sasa kuja kama mtu aliyealikwa. Lakini sitaki neno la Enos wala la Baba. Zimebaki kadi nyumbani. Nitumie moja. Ukitoboa juu, nitajua uko salama bila mimi, nitakaa huku. Ukitoboa chini, naja. Usipotuma, hilo nalo nitalielewa.

Harmon

*

Nyumbani, 27 Aprili 1891

Kaka Harmon,

Baba hajui naandika. Na akijua, ajue.

Ule mstari nilioufuta ulisema: Dosia anahema kama ndege, njoo. Niliuandika, nikaufuta, nikakoroga sukari. Sina la kuongeza hapo.

Bibi Rexrode alimsomea Almeda barua yako. Alisikiliza hadi mwisho. Akaenda akalitoa lile rundo la kadi chini ya mto wa mtoto, akachukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akaketi mlangoni akakata pembe ya kila kadi, moja baada ya moja, zote pembe ile ile. Baba alimwambia, "Mwanamke, unaharibu mkasi." Akamjibu, "Wewe umeharibu nini, Baba?" Na yule mzee, kaka, ningependa ungekuwepo, alikwenda akakaa zizini hadi jioni.

Kisha vile vipande vya pembe akavifagia, akavitia kwenye ile karatasi ya bluu pamoja na kengele. Alikuwa ameifungua. Sijaisikia ikilia.

Kadi yako imo. Wiki nzima alikuwa nayo kwenye aproni. Sijaiangalia tundu liko wapi. Safari hii si kwa kumwogopa Baba, ni yenu wawili.

Mdogo wako,
Enos

*

Washington, 2 Mei 1891

Mama Dosia,

Kadi imefika. Sikuifungua ngazini. Nilisubiri hadi Con ametoka, nikanawa mikono, nikaitoa kwa vidole viwili. Nilitafuta pembe kwanza. Ipo. Umekata vizuri kuliko kisu cha hapa.

Tundu liko katikati.

Nimeigeuza kila upande, mbele, nyuma, kichwa chini, kama mjinga. Inasema lile lile. Nadhani ndiyo maana umelichagua, ndilo tundu pekee ambalo siwezi kulisoma vibaya. Tulikubaliana maana yake: kuna mgonjwa, jiweke tayari. Hujasema njoo. Hujasema kaa.

Lakini katikati nilishapewa mara moja. Nilijiweka tayari kama tulivyopatana, nikafunga begi nikalisukuma chini ya kitanda, nikangoja kadi nyingine iniambie la kufanya, na huku unambeba mtoto dirishani. Nilikuwa na miguu siku zile zote, Almeda. Katikati ilitosha. Sitangoja kadi nyingine tena maisha yangu.

Bwana Pruett nimemwambia leo. Amenipa mkono. Kabla sijafika ngazini alikwisha kumwita mwingine, kijana mwenye mabega mapana, na nilipokuwa natoka nje nilisikia kengele zinaendelea kama vile sikuwahi kuwepo. Con amenipa soksi zake za sufi, anasema Wairishi hawana baridi, ni uongo.

Treni yangu ni ya alfajiri. Kutoka stesheni ya Millboro nitatembea. Sitakuja na neno lolote la kujitetea, yote niliyokuwa nayo niliyaandika. Usiponifungulia mlango nitakaa kwenye kibanda cha sukari, kuni zipo, na Baba akitukana nitamwambia nimeitwa na mgonjwa. Ukitaka kunionyesha alipolazwa, nionyeshe. Usipotaka, nitamtafuta mwenyewe, udongo wake bado mpya.

Kengele usiitupe. Usiilize pia, mpaka niwe nimesimama hapo.

Barua hii ikikufikia kabla yangu ni kwa sababu posta ina farasi. Basi usitoke kwenda dirishani. Ulishasimama hapo vya kutosha. Kaa ndani, nitabisha.

Harmon